Nilichokirudisha Chupani

Kwa Leokadia, mwanangu,

Mapadre walionifundisha kuandika walikuwa wakisema kwamba barua isiyoanza kwa salamu ni mgeni anayeingia ndani bila kubisha hodi. Naomba uniwie radhi, jioni hii naingia bila hodi. Ninajijua. Nikianza kukujulia hali nitaendelea na hali ya wajomba zako, kutoka hapo nitafika kwenye hali ya mvua, na karatasi itakwisha nikiwa bado ninakuheshimu. Ndivyo nilivyofanya kwa mdomo tangu Ijumaa asubuhi. Leo ni Jumapili, na treni yako ni kesho jioni.

Sitakuandikia juu ya chandarua, wala juu ya kulinda mkoba ndani ya behewa, wala juu ya kupiga simu ukifika Morogoro. Hayo shangazi yako Theresia amekwisha kuyasema, na atayasema tena treni itakaposimama Igalula, maana ameapa kukufuata dirishani na kuku wa kukaanga. Mimi nina neno moja. Ile alkali uliyopimia mboji siku ya Alhamisi haikuwa tena ile uliyoiacha kabatini. Niliifungua mimi. Kipimo chako cha mwisho, kile ulichokifurahia mpaka ukampigia simu Dokta wako wa maabara ya Morogoro, sidhani kama ni cha kweli.

Nimeliandika, na mkono haujakauka kama nilivyoogopa. Sasa uniruhusu nieleze ilivyokuwa. Sielezi ili nijitetee. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba kosa lisilojulikana namna lilivyotokea haliwezi kusahihishwa, linaweza kusikitikiwa tu.

Jumatano ulikwenda Tura kumuaga bibi yako mzaa mama. Kabla hujatoka uliiweka ile chupa katika kabati la marehemu mama yako, ukaizungushia utepe mdomoni, ukahakikisha kibandiko kinaonekana, kile ulichoandika Jumatatu baada ya kuipima nguvu yake. Hukutaka kuiacha shuleni, unakopimia udongo wako, kwa sababu wanafunzi walikuwa na mitihani yao ya vitendo, na mikono ya wanafunzi tunaijua. Ukasema, kwa upole kabisa, kwamba kitu hiki kikivuta hewa hulegea. Nikakujibu kwamba nimekuelewa. Moyoni, nisamehe, niliudhika kidogo. Nimetunza maabara ya shule karibu miaka yote ya utumishi wangu, nikajiuliza mtoto huyu ananifundisha nini juu ya alkali.

Alasiri wakaja wageni. Walikuwa shangazi yako, Mzee Maganga wa Igalula ambaye shamba lake limepakana na la shangazi, na jirani yetu Bwana Shomari, fundi cherehani anayeshonea Kanyenye. Walikuja kukuaga wakidhani upo. Mvua ilikuwa imenyesha na baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye mikeka, nikaleta jiko la mkaa sebuleni, nikaacha dirisha moja wazi. Tukasalimiana kama unavyojua tunavyosalimiana. Kisha Mzee Maganga akauliza jambo ambalo, nadhani, alikuwa amelibeba njia nzima. Alitaka kujua huyu mtoto anayechota udongo wa mbugani kwao na kuutia kwenye vichupa, udongo humwambia nini.

Nilijaribu kumweleza. Nilisema kwamba udongo mweusi wa mbugani una mboji nyingi, yaani mabaki ya majani na mizizi yaliyooza kwa miaka mpaka yakasahau yalikuwa majani ya nini. Nilisema mboji hiyo ina uchachu ndani yake, na kwamba wewe unaudondoshea alkali tone kwa tone, ukihesabu, ili ujue uchachu ni mwingi kiasi gani, na kutokana na hesabu hiyo wataambiwa waweke chokaa kiasi gani mashambani. Mzee Maganga alitikisa kichwa kwa adabu. Nikajua hakunielewa. Bwana Shomari, ambaye ni mtani wetu na haachi nafasi ipite, akasema:

"Mzee Maganga, usijisumbue. Mnyamwezi alibeba mzigo kutoka hapa mpaka pwani, hakuuliza hata siku moja ndani mna nini. Leo mnataka kuanza?"

"Na Mzaramo alikaa kivulini akingoja aletewe," shangazi yako akamjibu. "Mpaka leo bado amekaa, kabadilisha tu kivuli."

Wakacheka, nami nikacheka, na katika kicheko hicho nikasimama. Ni kiburi kilichonisimamisha, Leo wangu. Nilitaka waone. Nilitaka waione kazi yako, na ndani ya kazi yako waione na yangu, maana tangu nistaafu hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa nikifanya nini mle maabarani. Nikachukua siki jikoni. Nikachukua kile kichupa changu kidogo cha kiashirio, kile kinachogeuza rangi. Nikafungua kabati la mama yako, nikabandua utepe.

Mdomo wa ile chupa ni mwembamba, na Mzee Maganga macho yake hayafiki mbali. Basi nikaimimina alkali katika lile bakuli jeupe la enameli, ili waone kwamba kwa macho ni kama maji tu. Nikavuta kwa kidondoshi kutoka bakulini, nikadondoshea siki iliyo katika glasi. Tone likianguka, rangi ya waridi inakuja na kupotea. Linaanguka jingine, inakuja, inakawia, inapotea. Kisha tone moja, na glasi nzima ikabaki ya waridi. Wazee walipiga makofi yale ya chini chini, ya viganja vilivyokunjwa, kama wanavyompigia mtemi. Bwana Shomari akasema kumbe hiki ndicho mlichosomea, kumgeuzia mtu siki iwe sharubati. Wakaomba nirudie. Nikarudia. Wakaomba tena.

Kisha chakula kikaja. Haiwezekani kuondoa vyombo mbele ya wageni kana kwamba unawafukuza, hivyo bakuli likabaki pale pale, wazi, karibu na jiko, wakati wote wa kula, wa kunawa, wa sala, na wa kuaga, ambao kwa watu wetu ni safari yenyewe. Walipokwisha kuondoka nililikuta bado limejaa, limepungua kidogo tu.

Hapo mkono wangu ukafanya kitu ambacho kwa miaka mingi niliwaadhibu wanafunzi kwa kukifanya. Niliandika kwa mkono wangu juu ya mlango wa maabara kwamba kilichotoka chupani hakirudi chupani. Niliwabakiza watoto wa watu baada ya masomo, wakifagia, kwa sababu ya kurudisha mabaki ya dawa katika chupa safi. Na Jumatano jioni mimi, nikiwa peke yangu, niliweka mrija wa kumiminia nikairudisha yote. Nilijiambia kwamba ni malezi. Kwetu kilichobaki bakulini hurudi chunguni, na mama yangu alisema kumwaga kilichobaki ni kumtukana aliyekihangaikia. Hiyo ni sababu ya kweli, lakini si yote. Nilirudisha ili usiione chupa imepungua. Nikazungusha utepe ule ule, nikafuta kibandiko kwa kitambaa, nikafunga kabati.

Unajua kuliko mimi kilichokuwa kimekwisha kutokea ndani ya bakuli. Pumzi ya mkaa na pumzi zetu sisi wanne, tuliokuwa tukicheka juu yake, ziliingia katika ile alkali na kuila nguvu. Alkali iliyolegea humlazimisha mpimaji aongeze matone. Naye akihesabu matone, akiamini nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko, ataona kwamba mboji ina uchachu mwingi kuliko ilio nao. Mboji haina kosa lolote hapo. Inapokea tu inachopewa.

Alhamisi ulirudi kutoka Tura, hukukaa hata kunywa chai, ukaenda shuleni na chupa yako. Ulirudi jua likizama. Nilikuwa nimekaa barazani, nikaona mwendo wako kabla sijaona uso. Wewe mtulivu, uliyerithi ukimya wa mama yako, ulikuwa unatembea kama mtu aliyeitwa kwa jina mbele ya watu.

Ukanieleza tukiwa tunakula. Ukasema vipimo vyako vyote vya mwanzo vilikuwa chini kwa sababu ya haraka. Siki, ukasema, ni kama mtu wa neno moja: inapokea, inapokea, halafu inakataa, na rangi inatangaza. Mboji siyo hivyo. Kwanza ni nyeusi, hakuna rangi utakayoiona ndani yake, lazima uitegemee mita ya pH. Halafu haina mahali inapokataa. Unaongeza tone, namba inapanda, unadhani umefika, ukingoja kidogo namba inashuka yenyewe, maana kuna uchachu mwingine uliojificha ndani ndani ambao ndio kwanza unaisikia habari. Ni mpimaji anayeamua kwamba mwisho utakuwa kwenye namba nane, na ni mpimaji anayeamua atangoja muda gani kabla ya kuamini. "Safari hii nilingoja, Baba," ukasema. "Nilingoja mpaka mgongo ukauma. Na imepanda."

Ukasema umempigia Dokta wako, naye amejibu kwa maneno matatu kwamba sasa ndiyo umefika. Ndiyo namba aliyoitazamia tangu mwanzo kwa udongo mweusi kama ule. Na kwa namba hiyo, ukasema, nafasi yako katika maabara yake ina uhakika, na hesabu ya chokaa ya Igalula inaweza kutolewa wiki hii hii.

Nilikuwa na tonge mkononi. Sikumbuki kama nililila.

Kisha, ukiwa unakusanya vyombo, bila kunitazama, ukauliza: "Baba, kuna mtu alifungua kabati la mama?"

Nami nikajibu: "Nani afungue kabati la marehemu, mwanangu?"

Ukasema, "Samahani, Baba."

Uliniomba radhi wewe. Nimeishi na maneno hayo mawili siku hizi zote, na hakuna sala niliyoimaliza bila kuyasikia. Katika mapokeo tuliyofundishwa, aliyejibu swali kwa swali hajasema uongo. Nilijificha katika mwanya huo kama panya. Lakini najua nilichokifanya. Nilimtumia mama yako kukunyamazisha.

Kwa nini harufu ya jambo ilikufikia, sijui. Labda utepe haukukaa sawasawa. Labda uliona kwamba namba imepanda kupita kile uvumilivu unachoweza kueleza. Na hapa ndipo pananisumbua zaidi, maana sitaki sasa, kwa kukimbilia kukiri, nikunyang'anye na kilicho chako. Inawezekana kungoja kwako kweli kumepandisha namba. Inawezekana nusu ni uvumilivu wako na nusu ni bakuli langu. Hakuna mtu duniani anayeweza kuzitenganisha nusu hizo kwa kufikiri. Ni mpaka ipimwe tena, kwa alkali safi.

Ungependa kujua kwa nini mzee wa umri wangu, aliyezeeka mbele ya bureti, ule mrija wa kudondoshea na kuhesabia dawa, anashindwa kusema neno moja kwa mwanawe. Nimejiuliza pia. Nadhani nililelewa na siki. Miaka yote ile niliyoandaa vifaa kwa ajili ya masomo ya wengine, kazi yangu ilikuwa kungoja rangi. Rangi ikija, mambo yamekwisha, andika namba, osha vyombo. Nikaanza kuamini kwamba kila kitu maishani kitatangaza chenyewe saa yake. Neno gumu litajileta. Siku ya kulisema itajulikana kwa rangi yake. Mimi kazi yangu ni kuwa mpole na kungoja.

Ndivyo nilivyongoja mama yako alipougua. Hilo unalijua, ingawa hatujawahi kulizungumza. Ulikuwa bweni, mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia, na mimi nilisema moyoni kwamba kuna saa sahihi ya kukuita na itajionyesha. Kila asubuhi nilimtazama nikaona hali yake si mbaya kuliko ya jana. Ilikuwa inashuka polepole mno kwa mtu anayengoja rangi. Alikuulizia wewe, mwanangu. Nilimjibu kwa maneno mazuri. Mambo yake yalikuwa ya mboji: hayakuwa na mahali pa kukatika, yalihitaji mtu aamue kwamba hapa ndipo, leo ndiyo leo, apige simu. Sikuamua. Wewe ulifika mazishini na sare ya shule, na hukunilaumu hata kwa jicho. Afadhali ungenilaumu.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Naandika kwa sababu nimeona tangu Ijumaa kwamba ninafanya jambo lile lile mara ya pili, kwa sauti ile ile ya upole. Ijumaa asubuhi nilikuja mlangoni kwako nikakukuta unapanga nguo, nikauliza kama unahitaji kamba ya kufungia sanduku. Jana nilikufuata mpaka kisimani, ukanitwika ndoo nyepesi ukiwa unacheka, nikaona si vizuri kukuharibia kicheko. Kila mara palikuwa na sababu ya heshima. Ninaogopa sasa kwamba heshima yangu nyingi, ambayo watu wa mtaa huu wananisifia, ni mahali ninapojificha.

Leo baada ya misa nilitoka nikasimama nyuma ya kanisa nikampigia shangazi yako Igalula. Nilijiambia kwamba yeye ndiye mwenye shamba, chokaa itawekwa kwake kwanza, ana haki ya kujua. Nikamsimulia yote. Akacheka kwanza, akasema kumbe ile sharubati ya Jumatano ilikuwa na gharama. Nikamwambia si jambo la kucheka. Nikamweleza kwamba chokaa ikizidi katika udongo ule, mahindi hugeuka manjano yakiwa bado machanga, na kwamba iliyokwisha kuchanganywa na udongo haichambuliwi ikatoka, mtu hukaa nayo misimu mingi. Nilisikia kuku wake kwenye simu.

"Kaka," akasema, "mtoto umemwambia?"

"Bado."

"Sasa mimi umeniambia ya nini?"

Akaendelea, pole pole, kwa Kinyamwezi, kama anavyofanya akitaka nisikwepe. Akasema yeye anaweza kuiacha chokaa ikae ghalani mwake, si tatizo, lakini wale wanawake wenzake wa kikundi, na Mzee Maganga, na wengine wa ng'ambo ya reli, watafuata namba itakayotoka Morogoro ikiwa na jina la mtoto wa kwao. Hawataifuata kwa sababu ya Dokta, hawamjui. Wataifuata kwa sababu ni Leo. Akasema nisipokuambia kabla hujapanda treni, siku mahindi yatakapogeuka manjano watalitaja jina lako, na wewe hutajua kwa nini. Halafu akakata simu bila kuniaga, jambo ambalo dada yangu hajawahi kunifanyia tangu tuzaliwe.

Ndiyo maana ninaandika. Wewe umekwenda Kanyenye kuwaaga wenzako wa kwaya, na nina muda mpaka utakaporudi. Sitaiacha barua hii chini ya mlango wala juu ya sanduku. Nitakupa mkononi, na nitakaa hapo hapo unapoisoma, ingawa kila kiungo cha mwili wangu kinaniambia nitoke nikatazame mbuzi.

Kuhusu Dokta wako nina neno dogo, nalo ulichukue kama la mtu asiyejua kemia ya juu. Simlaumu kwa kufurahi. Lakini niliposikia kwamba amesema umefika, niliona uso wako, nikaogopa. Ni tamu sana kuambiwa umefika na mtu aliyekuwa amekwisha kuamua mwisho uko wapi. Mimi nimeambiwa hivyo mara nyingi katika utumishi wangu, na kila mara niliweka kalamu chini mapema. Sikusemi wewe. Vile vipimo vyako vya kwanza ulivyovifuta kwa mstari, nakuomba tu usivikate kwa wino mzito. Havikupendeza, lakini vilipimwa kwa alkali safi.

Na ukimweleza Dokta, usiseme chupa ilipata hitilafu. Nakufahamu, utataka kunisitiri. Utasema hifadhi haikuwa nzuri, au safari ya kutoka shuleni iliiharibu. Usifanye hivyo. Chupa haikufanya chochote. Mwambie: "Baba yangu aliifungua ili kuwafurahisha wageni, akairudisha, na nilipomuuliza hakunijibu." Ukiniweka nje ya maelezo ili kulinda heshima yangu, utakuwa umeanza kazi yako pale pale nilipoikosea mimi. Kama atakasirika, akasirike juu ya kitu kilichotokea kweli. Inawezekana nafasi ile itatikisika. Sitakudanganya kwamba haitatikisika. Nimelala na wazo hilo, na ni zito kuliko yote, kwamba mzaha wa alasiri moja unaweza kukugharimu mlango uliougonga kwa miaka minne.

Sasa, mambo yalivyo. Mwalimu wa kemia nimemwona baada ya kumpigia shangazi yako. Nilimweleza bila kupunguza, naye hakunicheka, amenipa ufunguo wa maabara mpaka kesho jioni. Kile kikopo cha chembe za alkali ambacho hujakifungua bado kina muhuri wake, nimekitazama bila kukigusa. Sampuli ya mwisho ya udongo wa shangazi iko mahali ulipoiweka. Ukianza alfajiri, ukaipima kwanza nguvu ya alkali mpya, kisha ukaingoja mboji kama ulivyoingoja Alhamisi, huenda ukamaliza kabla ya treni. Huenda usimalize. Mboji haitaharakisha kwa sababu kuna mtu stesheni. Ukiachwa, treni nyingine si ya kesho kutwa, na Dokta anakungoja Jumatano. Siwezi kuchagua kwa niaba yako, na sitakuchagulia hata kwa sura ya uso. Ukiamua kusafiri na kupimia hukohuko Morogoro, nitakubebea sanduku mpaka behewani, na keshokutwa nitakwenda Igalula mwenyewe kusimama mbele ya kikundi na kuwaambia waiache chokaa ghalani, na kwa nini. Ukiamua kubaki na kupima, nitakaa nje ya mlango wa maabara. Sitaingia. Nitawazuia wanafunzi tu, na watu wa kusalimia.

Kitu kimoja nimekifanya bila kukuuliza, nacho ni cha mwisho. Nilikwenda kwa mafundi wa pikipiki nikanunua maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, nikasoma kibandiko mara mbili. Nimeyachemsha katika ile chupa ya kioo kizito isiyoogopa moto, yakatokota muda mrefu ili hewa yote itoke, kama unavyotaka yawe kabla ya kuyeyushia chembe mpya. Nilipoyatoa motoni niliyaziba papo hapo. Yanapoa sasa juu ya meza ya jikoni, mbali na jiko, dirisha likiwa wazi. Tangu niyazibe sijayasogelea, na wewe ndiye utakayeyafungua, au utakayeyaacha yalivyo.

Lango limelia. Nakuja kukupokea.

Baba yako,
Anselmi